Mwokaji wa Keki ya Harusi: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja na Sherehe ya Bagamoyo

Kisa hiki kinahusu familia moja ya Dar es Salaam iliyobakiwa na majuma sita ya kumtafuta mwokaji wa keki ya harusi, waokaji watatu waliofikiriwa, na sherehe iliyopangwa kufanyika Bagamoyo, jioni ya Jumamosi moja ya mwezi Februari, katika bustani ya hoteli iliyo kando ya bahari. Familia imeniruhusu kukieleza bila kutaja majina. Nimekichagua kwa sababu ndani yake yamekutana mambo ambayo kamati nyingi huyaacha mpaka yanapogeuka kuwa tatizo: joto, safari ya keki, na wageni wenye masharti tofauti ya dini kuhusu chakula. Msimamo wangu, ambao nitajaribu kuuonyesha kwa yale yaliyotokea, ni kwamba uchaguzi wa mwokaji unapaswa kuanzia kwenye meza ambapo keki itasimama na kwa watu watakaoila, kisha urudi nyuma hadi jikoni kwake, ilhali kamati nyingi huanzia kwenye picha na kuishia kwenye bei.

Hali ya familia ilikuwa hivi. Bibi harusi amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, lakini ukoo wa mama yake ni wa Bagamoyo, na bibi yake mzaa mama, ambaye umri haumruhusu tena kukaa garini kwa muda mrefu, ndiye aliyesababisha sherehe ihamishiwe huko. Sehemu kubwa ya ukoo huo ni Waislamu. Bibi harusi mwenyewe amefuata dini ya baba yake, bwana harusi ni Mkristo wa Moshi, na ndoa ilikuwa ya kanisani. Pande mbili ziliunda kamati moja, wageni walioalikwa walikuwa 250, na mweka hazina alitenga shilingi 900,000 kwa ajili ya keki, akiwa amekwisha kueleza kwamba michango ilikuwa inaingia polepole na kwamba hakutaka kusikia habari ya nyongeza.

Ili mgogoro uliofuata ueleweke, ni lazima kukumbuka nafasi ya keki katika harusi zetu za mijini. Keki haiji mwishoni kama kitindamlo. Ina saa yake katika ratiba, inatangazwa na mshereheshaji, maharusi wanaikata na kulishana mbele ya watu wote, kisha wanatembea kuwapelekea wazazi wa pande zote mbili keki zao ndogo zilizoandaliwa kando, wakifuatiwa na wasimamizi na mara nyingi kamati yenyewe. Upande wa Moshi, katika harusi hii, ulikuwa pia unaleta ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa na kupambwa, ambaye washereheshaji wengi humtambulisha kama keki ya asili. Kwa hiyo idadi ya ngazi za keki haikuonekana kuwa suala la jikoni. Ilisomwa kama kipimo cha heshima, na mwenyekiti wa kamati, baba mdogo wa bwana harusi, alisema waziwazi katika kikao cha kwanza kwamba keki isiyofika ngazi tano itaonekana ndogo pembeni ya ndafu.

Kikao hicho cha kwanza kilitumia karibu muda wake wote kutazama picha zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Kila mjumbe alikuwa na mwokaji wake, na kila mwokaji alikuwa na picha nzuri. Hakuna aliyeuliza picha hizo zilipigwa wapi. Ukizitazama kwa makini utaona kwamba nyingi zilipigwa ndani ya kumbi zenye kiyoyozi, au kwenye meza ya mwokaji mwenyewe dakika chache baada ya kazi kukamilika, na kwa hiyo zinathibitisha uwezo wa mkono wa mwokaji kupamba. Hazithibitishi kwamba keki ile ile itakuwa katika hali hiyo baada ya safari na baada ya kusimama nje usiku wa kaskazi. Mwishowe kamati ilibakiza majina matatu na kumkabidhi kazi ya kuwahoji mama mdogo wa bibi harusi, mwanamke aliyewahi kusimamia jiko la bweni la shule na ambaye amezoea kulisha watu wengi kwa mara moja.

Mama mdogo hakuanza na waokaji. Alianza kwa kuipigia simu hoteli, na naona hatua hiyo ndiyo iliyoamua kisa kizima. Alitaka kujua meza ya keki itawekwa wapi, jua linapiga upande gani saa kumi na moja jioni, kama kuna chumba chenye kiyoyozi karibu na bustani, na kama chumba cha baridi cha jikoni kinaweza kupokea keki. Majibu yalikuwa haya: meza ingewekwa mbele ya jukwaa, upande unaotazama bahari, chumba cha baridi cha jikoni kingejaa samaki, nyama na vinywaji vya sherehe, na kilikuwapo chumba kimoja cha mikutano chenye kiyoyozi, hatua chache kutoka bustanini, ambacho hoteli ingekifungua bila malipo kama kingeombwa mapema. Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwamo katika mazungumzo ya kamati, na kila moja lilibadilisha maana ya zile picha.

Februari katika pwani yetu joto la mchana hufika nyuzi 32 au zaidi za Selsiasi, na usiku halishuki sana. Hewa hubaki nzito kwa unyevu, na kaskazi huvuma kutoka baharini. Siagi huyeyuka kabisa kwenye nyuzi kati ya 32 na 35, lakini huanza kulegea mapema zaidi, na joto la kawaida la usiku wa Bagamoyo linatosha kuifanya krimu ya siagi ing'ae, ipoteze michoro yake, na hatimaye iteleze kutoka ubavuni mwa keki. Waokaji wengi wanalijua hilo na hubadilisha siagi kwa mafuta magumu ya mboga, ambayo huvumilia joto kwa sababu kiwango chake cha kuyeyuka kiko juu zaidi. Hata hivyo uvumilivu huo una gharama yake mdomoni, kwa maana mafuta yasiyoyeyuka kwa urahisi katika joto la mwili huacha utando kwenye kaakaa, na mlaji huondoka akisema keki ilikuwa na mafuta mengi bila kujua kwa nini. Krimu nyepesi ya kupiga, ile nyeupe inayopendwa kwa sababu si tamu sana, ndiyo dhaifu kuliko zote nje ya jokofu. Fondanti, ule unga wa sukari unaokandwa na kutandazwa kama chapati na kuifunika keki yote, husimama vizuri katika joto, lakini hunyonya unyevu. Keki iliyofunikwa hivyo ikitolewa kwenye friji na kuingizwa katika hewa ya pwani hutoka jasho, hung'aa kama iliyopakwa maji, na rangi zake huanza kuingiliana. Ndiyo maana chumba cha mikutano chenye kiyoyozi kilikuwa na thamani kubwa kuliko chumba chochote cha baridi.

Kuna pia suala la usalama. Ushauri unaotolewa na mamlaka za chakula za Marekani ni kwamba chakula kinachoharibika upesi kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na pale joto linapozidi nyuzi 32 muda huo hupunguzwa hadi saa moja. Krimu ya siagi yenye sukari nyingi huharibika polepole, lakini kijazo cha maziwa, kastadi au krimu mbichi hakina uvumilivu huo. Sherehe zetu, kila mtu anajua, hazianzi saa iliyoandikwa kwenye kadi. Kamati inayochagua kijazo cha krimu mbichi kwa keki itakayokaa bustanini tangu saa kumi na mbili jioni na kukatwa saa tatu usiku inawaweka wageni wake katika hatari, hata kama mwokaji ni hodari.

Jambo la pili alilolishughulikia mama mdogo ni walaji, na hapa alikuwa na ujuzi ambao wajumbe wengine hawakuwa nao, kwa sababu Waislamu waliokuwa wakialikwa walikuwa ndugu zake mwenyewe. Keki ya matunda ya kizamani, ambayo mwenyekiti alikuwa akiipendekeza, mara nyingi huandaliwa kwa kuloweka zabibu kavu na matunda mengine katika brandi au ramu. Fondanti nyingi huwekewa jelatini ili ivutike bila kukatika, na ile inayotengenezwa jikoni kwa kuyeyusha peremende laini za mashimelo huwa na jelatini iliyokwisha kuwamo ndani ya peremende hizo. Sehemu kubwa ya jelatini ya viwandani duniani hutokana na nguruwe, ingawa ipo ya ng'ombe na zipo bidhaa zenye alama ya halali. Hata vanila ya maji mara nyingi huwa na kileo. Mgeni hawezi kuyaona haya kwa macho. Atakula kwa kuwaamini wenyeji, au hatakula kwa kuwashuku, na katika harusi ambayo bibi mzaa mama ndiye aliyefuatwa hadi kwake, ingekuwa aibu kubwa kumletea keki ambayo wajukuu zake wangelazimika kumnong'oneza asiiguse. Katika hili sioni nafasi ya maridhiano: mwokaji asiyeweza kueleza jelatini yake imetoka wapi hafai kuoka keki ya harusi yenye wageni wa aina hii, hata akiwa anaoka kwa ustadi wa kupita kiasi.

Kwa hiyo mama mdogo alipokwenda kwa waokaji alikuwa na maswali machache tu, naye alimuuliza kila mmoja kwa mpangilio ule ule: keki itafikaje Bagamoyo, nani atakuwapo inaposimamishwa, itafunikwa na nini, na ndani yake kuna nini ambacho Mwislamu hali.

Wa kwanza alikuwa duka la keki lililoko upande wa Mikocheni, lenye wafanyakazi kadhaa, majokofu ya kioo na gari lenye ubaridi. Bei yake ilikuwa shilingi 1,400,000 kwa ngazi nne. Sampuli waliyompa ilikuwa bora kuliko zote alizoonja, yenye chembe sawasawa na unyevu wa kutosha, na sitaki sifa hiyo ipotee kwa sababu ya yanayofuata. Lakini gari lao halikuwa likitoka nje ya jiji; keki ya Bagamoyo ingekabidhiwa dukani, na mteja angeibeba mwenyewe. Kuhusu jelatini, aliyekuwa kaunta alijibu kwamba haina shida, na alipoombwa paketi akasema stoo imefungwa. Inawezekana kabisa kwamba kweli haikuwa na shida. Tatizo ni kwamba aliyejibu hakuwa aliyeoka, na aliyeoka hakupatikana kuulizwa.

Wa pili alikuwa kijana wa Sinza, ambaye picha zake ndizo zilizopendwa zaidi na bibi harusi na, kwa haki, zilistahili. Mkono wake katika krimu ni wa kisanii. Maua anayoyachora kwa mfuko wa krimu yanafanana na yaliyochumwa. Alitaka shilingi 700,000 kwa ngazi tano, na alieleza kwa uwazi kwamba tatu kati ya hizo zingekuwa za povu gumu jeupe lililofunikwa krimu, jambo ambalo ni la kawaida na halina ubaya wowote mteja akilijua. Krimu yake ilikuwa ile nyepesi ya kupiga. Alipoulizwa kuhusu bustani na upepo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, mimi nikikuambia itasimama nitakuwa nakudanganya. Ukumbini sawa, nje sijawahi." Aliongeza kwamba Jumamosi hiyo alikuwa na keki nyingine mbili za kupeleka, moja Kigamboni, na kwamba asingeweza kukaa Bagamoyo kuisubiri ikatwe.

Wa tatu alikuwa mama wa makamo anayeokea nyumbani kwake Bunju, ambako barabara ya kwenda Bagamoyo inapita, na ambaye alijulikana zaidi kwa keki za ubatizo na za mahafali. Picha zake hazikuvutia. Baadhi zilikuwa na mwanga hafifu, na moja ilionyesha ndoo nyuma ya keki. Baada ya kusalimiana, kabla mama mdogo hajatoa hata swali lake la kwanza, yeye ndiye aliyeanza kuuliza. Keki inakatwa saa ngapi, si ya kwenye kadi bali ya kweli? Meza iko kwenye nyasi au kwenye sakafu? Kuna wazee wangapi ambao hawatafuni vitu vigumu? Alitaja shilingi 950,000 kwa ngazi tatu za keki halisi, trei mbili za kukatiwa jikoni, na keki ndogo za wazazi na za bibi. Alileta paketi ya fondanti yake, akaonyesha alama ya halali na mahali palipoandikwa kwamba jelatini ni ya ng'ombe. Vanila yake ilikuwa ya unga. Alisema pia yale asiyoyaweza: hatengenezi maua ya sukari, na asingekubali kufanya ngazi tano kwa sababu hana mtu wa kumsaidia kuzibeba.

Itaonekana kwamba uamuzi ulikuwa rahisi kuanzia hapo. Haikuwa hivyo. Bibi harusi alilia, na nadhani alikuwa na haki ya kuumia, kwa maana siku ni yake na jicho lake lilikuwa limekwisha kuchagua. Mwenyekiti naye hakukubali ngazi tatu. Mweka hazina aliona 950,000 imevuka kiasi kilichotengwa, huku kijana wa Sinza akiwa na bei inayobakiza chenji.

Hoja ya ngazi ilijibiwa kwa hesabu. Kipimo kinachotumiwa na waokaji wengi kwa keki ya harusi ni kipande chenye upana wa sentimita 2.5 kwa 5, kwa kimo cha ngazi nzima. Kwa kipimo hicho ngazi ya duara yenye kipenyo cha sentimita 15 hutoa vipande 12, ya sentimita 20 hutoa 24, na ya sentimita 25 hutoa 38, jumla 74. Trei moja ya sentimita 30 kwa 40 hutoa vipande 96, kwa hiyo trei mbili ni 192. Ukijumlisha unapata 266 kwa wageni 250, na hata ngazi ya juu ikiondolewa wapewe maharusi waende nayo, zinabaki 254. Keki ya ngazi tano yenye tatu za povu, kwa upande mwingine, ingekuwa ndefu machoni lakini ingelisha watu wachache, isipokuwa nayo ingeongezewa trei, na zikiongezwa trei ile chenji ya mweka hazina inapungua haraka. Mama mdogo aliandika hesabu hizo kwenye karatasi na kuzituma kwenye kundi. Mweka hazina ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka.

Kuhusu heshima, mwenyekiti alikuwa akifikiria keki za enzi za wazazi wake, zile za nguzo, ambapo kila ngazi inasimama juu ya nguzo nne na kuacha uwazi katikati. Inafaa kueleza kwa nini keki zile ziliwezekana. Ulikuwa mtindo wa Kiingereza wa keki nzito ya matunda iliyofunikwa kwa sukari na ute wa yai ikauka hadi kuwa ngumu kama chokaa, na ugumu huo ndio uliobeba uzito. Keki ya harusi ya Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947, iliyookwa na McVitie & Price, ilikuwa na ngazi nne, kimo cha futi 9 na uzito wa ratili 500, na keki laini ya siku hizi isingeweza hata robo ya kazi hiyo. Keki laini hubebwa na vijiti vinavyopenyezwa ndani ya kila ngazi hadi kwenye kibao cha chini yake, ili uzito wa juu ushukie vijiti badala ya kuididimiza keki. Mama wa Bunju alimweleza mwenyekiti haya kwa simu, kwa upole na kwa "shikamoo" ya kwanza, kisha akapendekeza keki iwekwe juu ya stendi ndefu ili kimo chake kilingane na ndafu bila kuongeza ngazi. Mwenyekiti alikubali stendi. Sidhani kama alikubali hoja, lakini stendi ilitosha.

Upande wa bibi harusi ulihitaji jibu la aina nyingine, kwa kuwa hakuna hesabu inayoweza kuchukua nafasi ya uzuri. Walikubaliana kwamba mama wa Bunju ataoka, ataifunika keki kwa tabaka la chokoleti nyeupe na fondanti nyeupe isiyo na rangi nyingine, na mapambo yatakuwa ya maua halisi yatakayowekwa na mpambaji wa sherehe. Hapa pana jambo ambalo wapambaji wengi hawaambiwi. Maua ya bustani za hoteli si salama kwa sababu tu yanapendeza: oleanda, inayopandwa sana pwani, ina sumu kali katika kila sehemu yake, alamanda nayo ina sumu, na utomvu wa mjibini huwasha. Hata waridi la dukani hupuliziwa dawa shambani, kwa hiyo vikonyo vyake havipaswi kuchomekwa moja kwa moja ndani ya keki. Mama wa Bunju alidai vikonyo vyote vifungwe na vichomekwe katika mirija, na kwamba hakuna ua litakalotoka bustanini. Bibi harusi aliomba yasmini, kwa ajili ya bibi yake, na ilikubaliwa izungushwe kwenye stendi bila kugusa keki, ifungwe ikiwa vichipukizi alasiri ili ifunguke usiku, saa ya kukata.

Makubaliano yaliandikwa kwa ukurasa mmoja. Nusu ya malipo ilitolewa mwanzoni, robo mwanzoni mwa juma la harusi kwa ajili ya mayai, unga na siagi, na robo ya mwisho ingetolewa baada ya keki kusimama mezani. Mwokaji hangepokea harusi nyingine Jumamosi hiyo. Angeusindikiza mzigo mwenyewe na kubaki hadi keki itolewe nje. Akiugua, angetuma mwanafunzi wake mmoja aliyetajwa kwenye karatasi pamoja na nambari ya simu, na mama mdogo alikwenda kuonana na msichana huyo kabla ya kutia saini. Nimeona makubaliano mengi ya harusi, ya ukumbi, ya muziki, ya picha, na mara chache nimeona swali la ugonjwa likijibiwa. Mwokaji wa nyumbani ni mtu mmoja mwenye mikono miwili, na familia inayomchagua inapaswa kulikabili hilo waziwazi, kama ambavyo inapaswa kulitazama jiko lake. Usimamizi wa usalama wa chakula nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, na ni sawa kumuuliza mwokaji yeyote kama amesajiliwa. Lakini cheti hakikuondolei wajibu wa kuingia jikoni, kuona mayai yamehifadhiwa wapi na kama kuku wa mwenye nyumba wanapita chini ya meza. Mama mdogo aliingia katika majiko mawili kati ya matatu. La duka hakuruhusiwa.

Siku yenyewe haina mengi. Ngazi zilisafirishwa asubuhi kabla jua halijapanda, kila moja katika boksi lake, kwenye sakafu ya gari na si kwenye kiti, na dereva akaelekezwa kupunguza mwendo kwenye matuta ya Mapinga na Kerege. Zilipangwa katika chumba cha mikutano na kukaa humo mchana kutwa. Ngazi ya kati ilipata mkwaruzo safarini, na waridi moja likauficha. Meza ilihamishwa kutoka upande wa bahari hadi nyuma ya ukuta wa makuti, na keki ilitolewa muda mfupi kabla ya mshereheshaji kuitangaza. Ilikatwa saa tatu kasorobo. Bibi alipelekewa keki yake ndogo na akaila.

Nikiupima uamuzi huo, naona familia ilifanya vyema katika mambo makubwa na kukosea katika moja. Hoteli ingepaswa kuulizwa kabla ya kulipia bustani, siyo baada yake, kwa maana kama chumba chenye kiyoyozi kisingekuwapo, hata mama wa Bunju angekuwa anabahatisha. Pia nadhani duka la Mikocheni lilipoteza kazi ambayo lingeweza kuifanya vizuri kuliko wote, kwa kukosa mtu mmoja wa kujibu simu aliyejua kilichomo ndani ya keki.

Kijana wa Sinza hakuachwa. Mama mdogo alimrudia na kumpa keki ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi iliyoandaliwa na upande wake peke yake majuma mawili kabla ya harusi, katika ukumbi wa Sinza wenye kiyoyozi, karibu na jiko lake. Huko hakukuwa na upepo wala safari, na krimu aliyoitumia ilikuwa ya mimea na haikuwa na jelatini, jambo alilolithibitisha kwa kumtumia picha ya pande zote za paketi. Keki ilitoka kwenye jokofu hadi mezani kwa dakika chache, maua yake ya krimu yakiwa na kingo zake zote, na bibi harusi akapata keki aliyokuwa ameichagua tangu kikao cha kwanza.